Kwa nini waridi zuri halifiki Kariakoo

WAUZAJI wa maua jijini Dar es Salaam huwa na kilio kimoja kila inapokaribia Februari 14: waridi lenye shina refu na kichwa kikubwa limeadimika, na lile lililopo bei yake haishikiki mpaka sikukuu ya wapendanao ipite.

Kilio hicho hurudi mwaka hadi mwaka ijapokuwa Arusha inalima waridi la kuuza nje tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ijapokuwa basi linaloondoka Arusha alfajiri huwa Dar es Salaam jioni ya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tatizo si umbali. Wala si uhaba, kwani nchi za Afrika Mashariki na Ethiopia zinavuna mawaridi kwa mamilioni ya mashina kila wiki.

Sababu ni kwamba waridi hilo lina mwenyewe kabla halijakatwa. Wakulima wa zao hili wamejifunga katika vyama, vyama vimefungamana na vyama vya nchi nyingine, na kila shina linalotoka shambani limekwisha kupangiwa njia ya kupita. Mnunuzi wa Kariakoo hayumo katika mpango huo. Anachopata ni masalio: mashina mafupi, vichwa vilivyopinda, au maua yaliyochanuka mno kuweza kustahimili safari ya Ulaya.

Hasara hiyo si ndogo kama inavyodhaniwa. Dar es Salaam ni jiji la harusi. Karibu kila Jumamosi kumbi zinapambwa, ukiacha misimu ya Ramadhani na Kwaresima, na wapambaji wanahitaji maua ya meza, ya jukwaa, ya gari la maharusi na ya mkononi. Mahitaji hayo kwa sehemu kubwa yamechukuliwa na maua ya plastiki na ya kitambaa kutoka China, ambayo yamejaa katika maduka ya mapambo ya Kariakoo. Ua la plastiki halinyauki kwa joto la nyuzi 30, na mpambaji hulikodisha harusi hadi harusi mpaka rangi ipauke. Muuzaji wa ua bichi anashindana na bidhaa inayolipwa mara moja na kuzaa mara ishirini.

Kuna waridi la tatu Kariakoo ambalo halihesabiwi kuwa ua, nalo ni marashi. Chupa za maji ya mawaridi ziko katika maduka ya ubani, udi na manukato, na mteja wake ni yule yule wa tangu zamani, mwenye maulidi au harusi ya kipwani, anayenyunyizia wageni kwa mrashi. Wazanzibari na jamaa zao walioko Oman wanayajua vizuri mawaridi ya Jebel Akhdar, ambayo huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei na kukandwa kwa moto katika majiko ya udongo. Biashara hiyo inajitegemea. Hata hivyo inaonyesha kwamba waridi si jambo la kigeni katika jiji hili. Kilicho kigeni ni utaratibu wa kulipata likiwa bichi.

MNADA UNAOTEREMKA

Anayetaka kuelewa utaratibu huo hana budi kwanza kuuangalia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, kwa kuwa bei ya waridi la Naivasha au Arusha bado inapimwa kwa kutazama huko, hata pale shamba linapouza moja kwa moja kwa duka kubwa la Ulaya.

Dalali wa Kariakoo hupandisha bei. Saa ya Aalsmeer huiteremsha. Mshale huanza juu, hushuka kwa kasi, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe huwa amenunua. Akiwahi, amelipa ghali. Akisubiri, mwenzake amemwahi. Shughuli nzima ya kundi moja la maua huchukua sekunde chache tu. Uzuri wa mtindo huo kwa mkulima ni kwamba mnunuzi anashindana na hofu yake mwenyewe.

Lakini jambo la kumfikirisha mfanyabiashara wa Dar es Salaam si saa, bali ni nani mwenye saa. Mnada ule ni wa ushirika. Wakulima wa Aalsmeer walianzisha minada miwili mnamo 1911 na 1912 kwa sababu walichoka kupunjwa na walanguzi waliokuwa wakizunguka shamba hadi shamba na kumwambia kila mkulima kwamba jirani yake amekubali bei ya chini. Minada hiyo miwili iliungana mwaka 1968, na mwaka 2008 chombo hicho kikaungana na mshindani wake, FloraHolland. Hadi leo wenye mali ni wakulima wanachama.

Mwanzoni ushirika huo haukuwa na nafasi ya kutosha kwa Mwafrika. Katikati ya miaka ya 1990 wanachama wa Aalsmeer waliona waridi kutoka Afrika linawateremshia bei, wakaliwekea vizuizi. Jibu likaja upesi. Mwaka 1995 kampuni ya East African Flowers, iliyokuwa ikipokea maua ya kanda hii nchini Uholanzi, ilianzisha mnada wake wa kutumia kompyuta, Tele Flower Auction, ambapo mnunuzi alibonyeza kitufe akiwa ofisini kwake bila kuyaona maua. Wakubwa wa Aalsmeer wakajionea kwamba kumfungia mtu mlango hakumfanyi aache kuuza. Baadaye walilegeza, na mashamba ya Kenya na Ethiopia yakaingia ushirika kama wanachama, yakipeleka maua saa ile ile na kukatwa ada kama Mholanzi.

Huo ndio ushirikiano wa kimataifa wa waridi ulivyo hasa. Haukuletwa na mapenzi. Uliletwa na pande mbili zilizogundua kwamba kila moja inaweza kumwumiza mwenzake.

WAPENZI WA UA

Upo upande mwingine wa ushirikiano ambao mfanyabiashara huupuuza kwa kuwa hauna fedha usoni, nao ni wa vyama vya watu wanaopanda waridi kwa kulipenda. Mwaka ule ule wa 1968 vyama vya nchi kadhaa vilikutana London na kuunda Shirikisho la Dunia la Vyama vya Mawaridi. Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa waasisi. Shirikisho hilo sasa lina vyama vya nchi zipatazo 40, na hufanya mkutano mkuu kila baada ya miaka mitatu. Ule wa 2025 ulifanyika Fukuyama, Japani.

Kazi ya vyama hivi ni kubadilishana miche na maarifa, kupima aina mpya katika bustani za majaribio, na kuyapa heshima mawaridi yaliyodumu. La kwanza kuingizwa katika orodha ya heshima, mwaka 1976, lilikuwa Peace, waridi la Mfaransa Francis Meilland lililotolewa kwa jina hilo 1945, mwaka ambao wakuu wa ujumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake moja. Nao Wamarekani, kupitia chama chao cha mawaridi, wanashika daftari la dunia la majina tangu 1955, ili waridi moja lisiuzwe kwa majina matatu.

Daftari hilo ndilo lenye maana kwa biashara. Mnunuzi wa Ulaya hanunui waridi jekundu, ananunua jina. Jina linamwambia urefu wa shina, ukubwa wa kichwa, siku za kukaa kwenye chombo na kama linavumilia safari ya ndege. Kariakoo bado inanunua rangi.

Hata hivyo uzee wa chama si dhamana. Chama cha mawaridi cha Uingereza, kilichoanzishwa 1876 na kupewa hadhi ya kifalme, kilishindwa kujiendesha na kufungwa mwaka 2017. Kilikuwa na jina kubwa kuliko mapato yake.

JINA LINA MRABAHA

Penye jina pana mwenye jina. Muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, ulitokana na mkataba wa 1961. Kenya ilijiunga 1999. Tanzania ilijiunga Novemba 2015, baada ya kutunga sheria yake ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012 kwa upande wa Bara, na Zanzibar kuwa na ya kwake mwaka 2014. Mgunduzi wa waridi jipya, mara nyingi kampuni ya Uholanzi, Ujerumani au Ufaransa, analindwa kwa miaka isiyopungua 20, na anayetaka kulipanda kibiashara humlipa mrabaha kwa kila mche.

Hesabu yake haichekeshi. Hekta moja ya waridi katika vitalu nyumba hubeba miche kati ya 60,000 na 70,000. Tuseme mrabaha ni dola moja kwa mche: mkulima ametoa dola 60,000 na zaidi kabla hajanunua mbolea, kabla hajafunga bomba la maji, kabla hajalipa kibarua. Ndipo anapotafuta mnunuzi mwenye mkataba na fedha ngumu. Hawezi kumngoja mteja wa Kariakoo atakayekuja Ijumaa na kuchukua mafungu matatu.

Hapa wawekezaji wadogo waangalie. Wako watu wanaodhani wanaweza kununua waridi zuri dukani, wakalikata vijiti, wakaviotesha na kuanza kuuza miche au maua. Waridi la zamani lisilo na ulinzi, ruksa. Lakini aina iliyosajiliwa ina mwenyewe kisheria, na kuizalisha kwa biashara bila leseni ni kujitafutia kesi. Ua litokanalo na mche wa namna hiyo halitapata mnunuzi wa maana Ulaya, maana huko mgunduzi anaweza kudai haki yake hata sokoni.

MAJIRANI NA MPAKA

Katika kanda hii vyama vilizaliwa mfululizo: cha wasafirishaji maua wa Uganda mwaka 1993, Baraza la Maua la Kenya 1996, cha Ethiopia 2002, na TAHA ya Tanzania, yenye makao yake Arusha na inayojumuisha pia mboga, matunda na viungo, mwaka 2004. Vyote hushindana kwa wateja wale wale. Vyote pia vinategemeana kwa njia ambazo haziandikwi katika mikataba.

Mfano ulio wazi ni uwanja wa ndege. Kilimanjaro una uwanja wa kimataifa tangu 1971, lakini ndege za mizigo za uhakika zimekuwa Nairobi, ambako kuna shehena ya kuzijaza. Kwa hiyo waridi la Arusha kwa miaka mingi limepandishwa lori lenye baridi, likavuka Namanga na kuruka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Namanga mwishoni mwa 2018, lori likaacha kukaguliwa mara mbili, na kwa bidhaa inayotakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 4 kila saa iliyookolewa huongeza uhai wa ua kwenye meza ya mteja. Ubaya ni kwamba ua lililopandia ndege Nairobi huonekana machoni pa wengi kuwa la Kenya, hata kama cheti cha asili na cha afya ya mmea vimetolewa Tanzania.

Majirani hao waliachana wazi katika suala la ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipochelewa kukubaliana na Umoja wa Ulaya juu ya mkataba wa ubia wa kiuchumi, kuanzia Oktoba 2014 waridi la Kenya lilitozwa ushuru Ulaya hadi kuelekea Krismasi. La Tanzania, Uganda na Ethiopia halikutozwa, kwa sababu nchi hizo zimo katika kundi la nchi maskini zaidi ambazo bidhaa zake huingia bure. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini; Tanzania ilikataa, na Bunge likaunga mkono msimamo huo. Mwishowe Kenya ilifunga mkataba wake peke yake, uliotiwa saini Desemba 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024. Nani alikuwa sahihi, hilo lina wabishi wake. Kwa muuza waridi ilikuwa ni kielelezo kwamba Arusha na Naivasha, zinazotumia uwanja mmoja wa ndege, zina maslahi tofauti mara lori linaposhushwa mzigo.

Yapo ambayo hayachagui mwenye mkataba. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Ulaya kwa karibu wiki nzima, na mawaridi ya Kenya yakatupwa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga maduka ya Ulaya, bei ya Aalsmeer iliporomoka kwa siku chache na maua kuharibiwa kwa makontena. Halafu kuna nondo. Ni mdudu wa Kiafrika ambaye viwavi wake hutoboa machungwa, pilipili na vitumba vya waridi. Ulaya imemweka katika orodha ya wadudu wa karantini, na mwaka 2025 masharti mapya yakaanza, yakitaka nchi ionyeshe namna inavyomdhibiti kuanzia shambani hadi kwenye ndege. Nondo huyo haulizi mpaka uko wapi. Shehena chafu ya nchi moja huongeza ukaguzi kwa wote wanaotoka upande huu wa dunia, ndiyo maana vyama vinavyogombania wateja hukaa meza moja kuzungumzia mitego na dawa. Kwa Tanzania mwenye dhamana ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Mwenye duka la pembejeo Kariakoo ahusishwe pia. Kiuatilifu kisichosajiliwa au kilichochakachuliwa, kikiuzwa kwa mkulima mdogo, chaweza kuonekana katika vipimo maelfu ya kilomita mbali.

NAFASI YA DAR ES SALAAM

Baada ya hayo yote, je, mnunuzi wa Dar es Salaam hana lake? Analo, na liko katika kalenda.

Soko la Ulaya lina vilele vyake: Februari 14, Machi 8 ambayo ni Siku ya Wanawake, na Siku ya Mama, ambayo Waingereza huifanya Machi na nchi nyingine nyingi Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti Ulaya ni kiangazi. Watu wake wako likizo, bustani zao zimechanua, wakulima wao wanajaza minada, na bei ya waridi la Afrika hulala. Lakini mmea haujui kiangazi cha Mzungu, unaendelea kutoa. Miezi hiyo nauli ya ndege inaweza kumeza karibu faida yote, na ndiyo miezi ambayo harusi za Dar es Salaam hazina uhaba.

Kwa maneno mengine, mnunuzi wa hapa anapiga hodi shambani Februari, wakati asioweza kusikilizwa, halafu anakaa kimya Julai, wakati ambapo mwenye shamba angempokea kwa mikono miwili.

Tatizo la pili ni udogo wa oda. Fungu la waridi huwa na mashina 20. Mpambaji mmoja akitaka mafungu 10, hayo ni mashina 200, na hakuna meneja atakayewasha lori la baridi kwa ajili yake. Atamwambia afuate masalio getini. Wapambaji na wauzaji 25 wakiunganisha oda zao wamefikisha mashina 5,000 kwa wiki. Hapo wana sauti ya kuzungumzia daraja, urefu, jina la aina na siku ya kukata. Wanaweza pia kuchangia kodi ya chumba kimoja cha baridi katikati ya jiji, kwa sababu waridi lililofika asubuhi na kushinda kwenye ndoo kibarazani mpaka jioni halifiki Jumapili, hata lingekuwa la daraja gani.

Hesabu ya masalio nayo ina udanganyifu wake. Muuzaji hufurahia bei ya getini, kisha akirudi mjini hutupa sehemu kubwa ya mzigo katika siku mbili. Akigawa fedha aliyotoa kwa mashina aliyouza, si aliyonunua, mara nyingi ataona kwamba waridi la daraja la kwanza la mwezi Julai lisingemgharimu zaidi.

Wanaofikiria kulima wenyewe wasihadaike na ardhi ya Pwani. Waridi la kukata linataka usiku wa baridi ndipo kichwa kinenepe na shina lirefuke. Naivasha iko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Arusha ni chini ya hapo, ndiyo maana mashamba mengi ya Arusha yameelemea kwenye aina za vichwa vidogo. Bagamoyo na Mkuranga zitatoa miche ya bustani na asmini, si waridi la kushindana na mtu.

Anayetaka maua ya Februari ijayo, oda yenye malipo ya awali inapaswa kuwa mezani pa shamba kabla ya Krismasi. Wakulima hukata vichwa mapema ili mti uchipue kwa tarehe ile, na shina ambalo halina mnunuzi wakati huo hupangiwa ndege ya Nairobi. Kwa miezi ya Juni hadi Agosti mazungumzo yaanze Aprili. Mnunuzi aulize jina la aina, urefu wa shina kwa sentimita, tarehe ya kukatwa, na nani anabeba hasara basi likiharibika njiani.